Bustani Iliyokuwa Chini ya Bwawa

Mwanangu Devota,

Umelala, na unakoroma. Usinikatalie, umekoroma tangu ukiwa mchanga, na marehemu baba yako alikuwa akikucheka. Begi lako liko pale mlangoni limefungwa kamba kwa sababu zipu imekushinda. Shangazi yako ameshakusomea yote ya chandarua, ya wanaume na ya vyakula vya njiani mpaka sauti imemkauka, kwa hiyo hayo mimi nayaruka. Shuka utajifunika mwenyewe. Umri unao.

Mimi nataka kukuandikia habari za bustani. Najua ukifika kwenye neno hilo utasema, "Ah, mama naye, tena?" Ndiyo, tena. Kesho unakwenda Tabora kukagua mabwawa ya watu, mabwawa ya udongo ya zamani kama hili letu, na hadithi ya bwawa letu wewe unaijua kwa upande wako tu. Upande wangu hujausikia wote, maana mimi na wewe tukianza kuongea tunaishia kubishana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na hilo linanifurahisha sana.

Wewe ulilikuta bwawa liko tayari, ukadhani lilikuwepo siku zote kama mlima. Bibi yako alibeba udongo wake kichwani. Wamisionari ndio walioleta mpango, lakini tuta lile, kutoka kilima cha huku mpaka cha kule, ni vichwa na mikono ya watu wa hapa. Walimwaga udongo, wakaushindilia kwa miguu na magogo, wakiimba nyimbo ambazo nyingine bibi yako alikataa kabisa kuniimbia. Mabomba yalipoanza kutoa maji huku chini, alisema, watu walikunywa hata wasiokuwa na kiu. Kwa hiyo nilipokuwa nakua, tuta lilikuwa kitu chetu cha kujivunia. Mgeni akija kutoka Ifakara tulimpandisha juu akalione, naye akasifia, tukashuka tumevimba vichwa.

Baba yako alipofariki wewe ulikuwa unatambaa. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, huku mlimani majani yote yamekuwa makavu, na mimi sikuwa na nguvu ya kushuka bondeni kulima mpunga nikiwa na mtoto mgongoni. Siku moja nikapita chini ya tuta, upande wa nyuma ambako maji hayako. Nikaona kijani. Kipande kizima kimestawi, udongo umelowa, ukikanyaga maji yanatokeza kati ya vidole. Nilikaa chini nikalia, Devota. Nililia kwa furaha. Nilisema Mungu ameniona.

Nikalima pale. Mchicha, matembele, vitunguu, nyanya. Uji wako ulitoka pale, sare zako za shule zilitoka pale, yale mafuta ya nazi uliyokuwa unajipaka mpaka unang'aa yalitoka pale. Wenzangu wakaona, wakaja. Getruda jirani yetu ndiye aliyekuja wa kwanza, na wewe unamjua Getruda, akishajua yeye wameshajua wote. Tukawa wanawake kibao na bustani yetu, tunaiita chemchemi. Kila kiangazi maji yakipungua kidogo, tulichimba vishimo tukisogea kwenye tuta, kuyafuata. Mwaka huu hatua moja, mwakani nyingine. Na utoro, ule mfereji wa pembeni unaotoa maji ya ziada bwawa likijaa, tulikuwa tumeupandishia mawe ili maji yasipotee bure. Tuliona tunalisaidia bwawa. Ungetuambia tunalibomoa tungekupiga na mwiko.

Na kama kulikuwa na mtu wa kulaumiwa, sisi tulishampata. Masanja. Msukuma wa watu, amekuja na ng'ombe wake, na ng'ombe walikuwa wanapita juu ya tuta kwenda kunywa. Nyasi zikifa pale juu, Masanja. Udongo ukimeguka, Masanja. Mimi mwenyewe nilimfukuza mara ngapi na jembe mkononi, naye ananiambia, "Pole mayo, pole mayo," yaani pole mama kwa Kisukuma, anawaswaga ng'ombe wake taratibu bila hasira. Kumbe wakati ninamfokea Masanja kwa sababu ya kwato, jembe langu lilikuwa limelima mguu wa tuta lenyewe.

Halafu ukarudi wewe kutoka chuo cha maji.

Nakumbuka siku uliyolizungukia bwawa. Ulitembea juu ya tuta polepole, unachomachoma udongo kwa fimbo, unainama, unaangalia mti ulioota pembeni, unaangalia nyufa. Mimi nikawaambia wenzangu, "Mwoneni mwanangu anavyotembea kama bwana mkubwa." Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Ukashuka mpaka bustanini, nikakuchumia nyanya, ukaishika bila kuila. Ukaniuliza, "Mama, haya maji yanatoka wapi?"

Nikakwambia, "Kwa Mungu."

"Sawa. Na kabla ya kufika hapa yanapita wapi?"

Nilikuona umenikosea adabu. Nilijua yanapita wapi, mwanangu, mtu hawezi kulima mahali miaka yote hiyo asijue. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa sauti, basi.

Tukafika kwenye mkutano pale shuleni. Mwenyekiti wa kitongoji akakupa nafasi, ukasimama. Ukaanza na shikamooni, ukawashukuru wazee, nikasema moyoni huyu nimemlea. Kisha ukasema kwamba bwawa limezeeka, kwamba linavuja chini, na kwamba ile sehemu tunayoiita chemchemi ni maji ya bwawa yanayopenya ndani ya tuta. Ukasema bustani ife, vishimo vifukiwe kwa utaratibu, mawe ya kwenye utoro yaondolewe kabla ya masika. Ukasema tusipofanya hivyo, ipo siku maji yataanza kutoka na udongo wa tuta wenyewe, na nyumba zilizoko chini hazitapata muda wa kufunga milango.

Nilisimama. Unakumbuka nilivyosimama, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Nikakuuliza mbele ya kijiji kizima, "Mchicha wa pale ndio uliokulea mpaka ukaenda huko ulikofundishwa hayo maneno. Leo ndio unatuambia unatuua?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Getruda alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nakuangalia usoni nione kama utalia, kwa sababu ukiwa mdogo ulikuwa unalia hata kuku akichinjwa.

Hukulia. Ulisubiri makelele yaishe ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mchicha ule umenilea, na pale ndipo bwawa linapotoboka. Yote mawili ni kweli."

Ukakaa. Mkutano ukaamua bustani ibaki. Na jioni ulikuja nyumbani, nikakupakulia wali na mchicha uleule, kwa jeuri tu, nione utafanya nini. Ukala wote. Ukaomba nyongeza. Nilikasirika kuliko mkutanoni, maana sikujua nikushike wapi. Mtu anayekupinga huku amenuna unamweza. Anayekupinga halafu anaosha na sufuria, huyo anakuweka macho.

Sikiliza sasa lile ambalo hulijui.

Masika yalipochanganya, bwawa likajaa kuliko nilivyowahi kuliona. Mvua ilikuwa imepumzika asubuhi ile, nikaenda bustanini kuangalia vitunguu. Maji kwenye kishimo changu yalikuwa yamebadilika rangi. Miaka yote yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Siku ile yalikuwa kama chai ya maziwa. Na pembeni, katikati ya vitunguu, mchanga ulikuwa unachemka. Unapanda, unadondoka, unapanda, umetengeneza kichuguu kidogo cha duara, kizuri kukitazama. Maneno yako yote ya mkutanoni yalinirudia pale pale, neno kwa neno, kwa sauti yako.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua bonge la udongo nikaliweka juu yake, nikakanyaga. Kikanyamaza. Nikavuta pumzi. Mara kikatokea kingine, karibu zaidi na tuta. Na hapo nilikuwa peke yangu, Devota. Getruda alikuwa hajafika. Nilisimama pale nimeshika jembe na nikawaza kwamba nikienda kusema, bustani imekwisha leo, na kila mtu atajua kwamba mtoto alisema na mama akamcheka. Sikuwaza kwa muda mrefu, lakini niliwaza, na nataka ujue kwamba mtu mzima mwenye akili zake, anayewapenda watu wake, anaweza kuona kifo kinachemka miguuni pake akafikiria kwanza uso wake utauficha wapi. Usiwashangae watu wa Tabora wakifanya hivyo. Usiwadharau pia.

Kisha nikakimbia. Mwili huu, na magoti haya, nikakimbia. Nilipita nyumba ya mwenyekiti nikaiacha, nikaja kwako. Ulikuwa unaosha vyombo nyuma ya nyumba. Nikasema, "Yamebadilika."

Hukuniuliza nini. Hukuniambia si nilisema. Uliuliza kitu kimoja tu: "Rangi gani?"

Nilipokujibu ukaacha sufuria na povu lake.

Yaliyofuata watu wote wanayasimulia, na kila anayesimulia amekuwa shujaa, hata waliokuwa wamekwenda dukani kijiji cha Mbingu. Mimi nayasimulia nilivyoyaona. Ulimtuma mwenyekiti akawatoe watu wa nyumba za chini wapande kanisani, na yule mzee ambaye hajawahi kutumwa na mtu alikwenda mbio. Ukawapeleka vijana kwenye utoro kubomoa mawe yetu, maji yaanze kupungua. Na wanaume walipofika bustanini na mifuko ya udongo wa mfinyanzi, tayari kuziba, ulisimama mbele yao umetanua mikono. "Msizibe! Mkiziba hapa yatatokea pengine, na pengine hatutapaona. Maji tuyaache yapite. Tunachozuia ni udongo kutoka."

Wakasema, huyu binti kachanganyikiwa, tundu linavuja tusilizibe? Na hapo ndipo mimi, niliyekucheka mbele ya kijiji, nilipofungua mdomo. Nikawaambia, "Mimi nimeshaziba asubuhi. Likatokea lingine. Msikilizeni."

Sijawahi kusema sentensi ngumu kama ile. Wala sijawahi kusema nyingine ninayoipenda zaidi.

Ulitaka mchanga safi chini, kokoto juu yake, mawe juu ya kokoto. Mchanga uko mtoni, na mtoni ni mbali. Nani akatokea na mkokoteni na maksai wake bila kuitwa? Masanja. Alisomba mchanga mpaka maksai wakawa wanatoa povu. Alipopita karibu yangu nikafungua mdomo nimwombe radhi, akaniwahi yeye: "Pole mayo." Nikaangua kilio palepale mbele za watu. Tangu siku ile yule ni mdogo wangu, na mtu akimtajataja vibaya nikiwepo anajuta.

Bustani tuliifunika sisi wenyewe wenye bustani. Hilo uliliomba wewe, na wakati ule niliona unatukomoa, sasa naelewa. Ulisema sisi ndio tunaojua kila kishimo kiko wapi. Nilimwaga mchanga juu ya vitunguu vyangu vilivyobakiza wiki chache kukomaa. Getruda alikuwa analia na kumwaga, analia na kumwaga. Mimi sikulia tena. Nilikuwa nakutazama wewe. Umepanda juu, umeshuka, umepiga magoti kwenye tope, unaweka mkono kwenye maji, unasema ongeza hapa, hapa basi, hapa mawe. Gauni limekuwa rangi moja na tuta. Sauti imekukauka. Na watu wote wale, wazee kwa vijana, wanakutazama mdomoni.

Alasiri ukaomba bakuli jeupe. Getruda akakimbia kuleta lile la wageni. Ukakinga maji yanayotoka kwenye mawe, ukaliinua usawa wa macho. Ukanipa mimi bakuli. Hukumpa mwenyekiti, ulinipa mimi, ukasema, "Mama, hebu angalia. Wewe ndiye unayeyajua."

Yalikuwa meupe. Niliona ua lililochorwa chini ya bakuli, na jani lake, kila kitu.

Watu walipiga makelele mpaka ndege wakaruka bwawani. Wewe ukasema, "Bado. Hatujapona bado, leo tumepata nafasi tu," na ukabaki pale pale unayaangalia maji mpaka watu wa ofisi ya maji walipofika. Walilitengeneza vizuri kiangazi kilichofuata, na yule mkubwa wao alipokuuliza kama ungependa kwenda kujifunza kazi hiyo hiyo kule Tabora kwenye mabwawa mengi, nilikuwa nimesimama nyuma yako na trei ya chai. Nilitaka kuidondosha ili usisikike ukijibu ndiyo. Sikuidondosha. Nahesabu hilo kuwa moja ya mambo mazuri niliyokufanyia.

Nimeringa nawe mno, mwanangu, na ninaona hata vibaya kukuandikia nilivyoringa. Nikienda Ifakara kwa binamu yangu wa mtaa wa Viwanja Sitini, kabla sijamaliza kuamkiana nimeshafika kwenye bwawa. Kuna mama mmoja anayeuza samaki pale sokoni ambaye akiniona kwa mbali anaanza kusema, "Ndiyo, ndiyo, binti yako, najua." Ananikata maneno, mshenzi yule. Namwambia tena hivyo hivyo.

Lakini ukiniuliza ninaringia nini hasa, sitakwambia mchanga na kokoto. Hayo ulifundishwa, na waliokufundisha Mungu awabariki. Ninaringia mkutano ule wa kwanza, tuliokushinda. Ulikuwa peke yako. Waliokuzunguka ni watu waliokubeba mgongoni, na aliyesimama kukupinga ni mimi. Ungeweza kusema uongo kidogo. Ungesema bustani haina neno, tupunguze tu vishimo, na mimi ningekukumbatia, na usiku ule tungekula kwa amani. Wengi wangefanya hivyo kwa mama yao. Mimi ningefanya hivyo kwa mama yangu, nakuapia. Wewe ulisema ukweli wote, bila kunitukana, bila kukataa kwamba nilikulea. Ningekuwa mtu wa kukubali haraka ningekwambia siku ile. Mimi mgumu, unanijua, ndiyo maana inanilazimu niandike.

Huko unakokwenda utafika mahali asubuhi na wenzako na fimbo yako, utazungukia tuta la watu, na chini yake utakuta kijani. Nina hakika. Bwawa la zamani la udongo haliwezi kukosa kijani chake, na kijani hakiwezi kukosa mwanamke wake. Atakuwa na jembe. Atakuwa na mtoto mgongoni, au alishamkuza akaondoka. Atakuona unakuja na viatu vyako vizuri, na atajua umekuja kufanya nini kabla hujafungua mdomo, kwa sababu atakuwa anajua siku nyingi.

Atakufokea, mama. Mwache. Usimwonyeshe karatasi, usimtajie sheria, usimwite mwenyekiti aje kumtuliza. Mwamkie vizuri. Mwulize amepanda nini, na umsikilize anavyojibu, maana hapo atakusimulia maisha yake yote. Akimaliza, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze hata neno kwa kumwonea huruma. Huruma ya kupunguza ingetuzika hapa sote.

Naye akikusogelea akakuuliza, wewe ni binti wa nani, uliyelelewa wapi, unayekuja kumnyang'anya mtu chakula cha watoto wake, usitazame chini. Mtajie jina langu. Liseme kwa sauti asikie vizuri, halafu mwambie mama yako naye alikuwa na bustani.

Agripina, mama yako